Maji ya Uvuguvugu

Siku hizi watoto hulelewa majini kwanza, kama kereng'ende, na mabawa yao hukulia humo humo. Wakishatoka hayaongezeki tena. Mwanahawa alishindwa kungoja. Kila asubuhi alitia maji ya moto kwenye pipa la mwanawe ili akue upesi, ampakate kabla ya Idi.

Mbaruku alitoka mapema kweli, mabawa yamedumaa. Leo wenzake wameruka kufuata mvua. Yeye alibaki kibarazani akiwatazama wakipotea angani.

“Mama, na mimi mwakani?”

Mwanahawa alimpakulia uji.

Jirani yake Zuhura, ambaye binti yake aliruka mwaka juzi na hajarudi, alimsogelea akamnong'oneza: “Shoga, wangu wa mwisho bado yumo majini. Ulikuwa unatia birika ngapi?”