Uji Usiolegea

Siku hizi unga wote wa dukani umetiwa dawa kiwandani ili tumbo lishindwe kuugeuza sukari. Tunashiba, hatunenepi. Ulioachwa bila dawa ni wa watoto wachanga tu, wenye alama ya kijani.

Lakini mtoto wangu Aikande anamaliza bakuli la uji wa unga huo wa kijani na anazidi kukonda.

"Tia kimea cha ulezi," mama mkwe aliniambia. "Uji wa kweli ukikutana na kimea hulegea, kama unavyolegea tumboni."

Nilitia kijiko kizima, nikakoroga, nikangoja. Mwiko ulisimama wima katikati ya sufuria.

"Koroga tena, mwanangu," alisema, lakini hakuwa akiutazama uji. Alikuwa akimtazama mtoto.

Nilikoroga hadi mkono ukafa ganzi. Nyuma yangu Aikande alipiga meza kwa viganja, akaachama kama kinda, akitaka kuongezwa.