Tarakimu Thelathini na Moja

"Kwa tatu imekataa," mwalimu alisema, macho yakiwa bado kwenye karatasi.

"Na kwa saba?" mumewe aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kuketi wima kitandani tangu wamzike binti yao, miezi mitano nyuma. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na sasa hata kula alibembelezwa.

Mumewe, seremala ambaye hesabu zake ziliishia kwenye futi na inchi, ndiye aliyeikuta karatasi hiyo kwenye daftari la chuo la marehemu. Tarakimu thelathini na moja, na chini yake maneno machache: *Mama, nadhani hii ni namba tasa. Nisaidie kuhakikisha.*

"Namba tasa ndiyo nini?" seremala aliuliza.

"Isiyogawanyika kwa namba yoyote, ila moja na yenyewe."

Neno lenyewe liliwakwama wote wawili. Hawakuwa na mtoto mwingine.

Penseli ikatembea, ikasimama. Mwalimu akamtazama mumewe kwa muda. Alikuwa amekonda, shati likimning'inia mabegani.

"Kwa saba nayo imekataa," mwalimu alisema. "Nipe chai."

Seremala akaenda jikoni mbiombio. Mwalimu akamsikia huko akipenga kamasi, tena na tena.

Kuanzia hapo, kila alasiri waliketi mezani. Kumi na moja. Kumi na tatu. Kumi na saba. Yeye akigawanya, mumewe akimpigia mistari kwenye daftari jipya.

"Leo tuko wapi, mama?"

"Mia sita na saba."

"Bado imekaza?"

"Imekaza kama nati yenye kutu."

"Mtoto alikuwa na kichwa yule!" Seremala alicheka huku akijifuta macho. "Tutamaliza lini?"

"Hata tukiishi mara mbili hatumalizi."

"Basi vizuri."

Dada wa seremala, karani wa ofisi moja mjini, aliwahi kuiomba ile karatasi. "Kompyuta itawajibu kabla hamjapepesa jicho." Kaka yake alimjia juu mpaka akakoma kuitaja.

Mwaka wa nne, seremala alianguka karakanani, mbao zikiwa mkononi. Hakuamka tena.

Wiki moja baada ya mazishi, karani alimkuta mwalimu akiyafunga madaftari kwa kamba, yote sitini na kitu.

"Wifi, niruhusu sasa niipeleke ofisini. Angalau ujue kama mtoto alipatia."

"Inagawanyika kwa saba," mwalimu alisema. "Niliona siku ile ya kwanza."

Karani akavuta kiti, akaketi taratibu. "Kumbe mtoto alikosea?"

"Mwanangu asingekosea saba." Mwalimu akakaza fundo. "Kaka yako alihangaika sana kuuiga mwandiko wa mtoto, wifi. Ningemwambiaje?"