Milembe Aenda kwa Babu Mrina Asali

Uvumi ule ulimganda Nyamizi kama kupe: eti watoto waliokuzwa kwa uji wa mahindi ya siku hizi, mbu akiwauma tu, anakufa. Mahindi yote yalikuwa na protini yake ndani, iliyopandikizwa maabara, ya kumuua funza anayetoboa bua, na dawa za kupulizia shambani zilikwishasahaulika.

"Shoga, huna shukrani," alimcheka jirani yake, Mama Shija. "Malaria imehama, neti umeshonea mapazia, na bado umenuna!"

Nyamizi alicheka naye. Lakini kila asubuhi akikung'uta shuka la binti yake, Milembe, mbu wakavu walidondoka. Kwenye shuka lake mwenyewe hapakudondoka kitu. Yeye alikulia mahindi ya zamani. Na juzi nyuki alitua shavuni kwa mtoto anywe jasho, akaangukia mapajani, hakuinuka tena.

Sasa shule zimefungwa. Baba mkwe wake, mrina asali kule Sikonge, anamtaka mjukuu, na Milembe amekwishafunga begi. Akimzuia, atasema nini? Akimruhusu, mizinga ya mzee je?

"Mama, babu kasema nyuki wake hawatanidhuru."

"Najua, mwanangu. Hebu nisikilize."

Usisogelee mizinga.

Usioge kwenye kijito wanakokunywa nyuki.

Usimshike kipepeo, hata akikufuata.

Asali usiionje kwa kidole ndani ya sega.

Jasho likikutoka, usikae karibu na maua.

Na ukinikumbuka, mwanangu, usilie nje.