Pumzi ya Katekista

"Fausta, huko ni kuabudu sanamu," baba alisema, akageukia ukutani.

Nilikuwa nimemwomba avute pumzi kwa jina la Mungu na kuiachia kwa jina hilohilo, kama anavyofanya kila asubuhi mama wa Kihindu mwenye duka ninakouza hapa Songea. Mwenyewe huiita yoga. Baba amekuwa katekista miaka thelathini.

Moshi wa bani la kukaushia tumbaku kule Namtumbo ulikuwa umemmaliza mapafu. Hospitali walituambia tumrudishe tu nyumbani, Mjimwema.

"Baba, si wewe uliyetufundisha kwamba Mungu alimpulizia Adamu pumzi puani?"

Kishimo cha kooni mwake kilizama, kikapanda, kikazama tena. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nimshike.

"Haya, nifundishe. Lakini kwa maneno yetu."

Nikamwambia akivuta aseme "Bwana", akiachia aseme "utuhurumie", kama tunavyoitikia kanisani.

Tukaanza pamoja. Bwana. Utuhurumie. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakukohoa. Vidole vyake, vilivyogeuka njano kwa majani ya tumbaku, vikalegea mkononi mwangu. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikajilaumu kwa nini sikumbembeleza mapema.

Bwana. Utuhurumie. Bwana.

"Utuhurumie," akaachia taratibu, mpaka pumzi ikaisha yote.

Kishimo kikazama, kikabaki chini.

Nami nikabaki namsubiri Bwana.