Saba kwa Saba

"Lala chini, Théo. Shika goti, piga kelele kidogo."

"Goti langu zima, bosi."

"Nakuambia linauma."

Théophile Brisebois hakulala. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, beki wa kulipwa wa hoki ya barafu katika mji wa machimbo ya fedha, kaskazini mwa Ontario, Januari ya 1909. Mchezo ulikuwa saba kwa saba, hakuna wa akiba. Mtu akiumia anatoka, na wapinzani nao wanamtoa mmoja wao, mambo yawe sawa. Ila Crombie, bosi wa klabu, alikuwa ameandika mkataba wa Théo kama wanavyoandika wakubwa wote: asiyemaliza mechi anarudi shimoni kuchimba. Mwenyewe hajawahi kukanyaga barafu. Kazi yake kusimama pembeni na koti la manyoya, akiwapangia wenzake pa kuumia.

Basi Théo akakaza miguu. Dakika sitini.

Ajabu ni kwamba wapinzani ndio waliomwonea huruma. Alipoteleza, nahodha wao, Tolmie, alikuja mbio kumwinua, akamkung'uta mgongo.

"Umeumia, mzee?"

"Wapi."

"Afadhali. Jamani, mzee asiguswe."

Jitu lao moja lililokuwa linamjia kwa kasi likampita kwa mbali, kwa adabu, likaenda kufunga. Mapumziko walimletea chai ya moto. Mmoja akapiga magoti kumkazia kamba za viatu. Wa upande wake hata pole hawakumpa.

Walifungwa kumi na moja kwa mbili. Lakini kengele ya mwisho ilimkuta Théo yuko wima.

"Umetuua," Crombie alimwambia wakivua viatu.

"Mechi nimemaliza, bosi. Kasome mkataba wako. Tena usijisumbue, wapo wanaojua thamani yangu."

Kweli, mlangoni alisimama Tolmie na tajiri wa klabu yao, kofia mkononi, wakimwita. Théo alibeba mfuko wake na fimbo yake, akatoka bila kumuaga mtu.

"Mzee, kuanzia leo mpaka msimu uishe tunakulipa sisi," tajiri alisema, akimpa kalamu. "Mara mbili ya anachokupa yule."

Théo alitia saini upesi. "Nihamie kwenu lini?"

Tajiri akatazamana na Tolmie.

"Kwetu? Hapana, mzee wangu. Wewe baki hapohapo."