Dume la Hoskie

Mwanakondoo huyu naye alizaliwa taya limepinda. Hakuweza kunyonya, na kufika adhuhuri alikuwa amekufa. Glenabah alimfunika gunia, akapanda gari lake bovu kwenda kwa mzee Hoskie, ng'ambo ya korongo. Alikuwa ameapa hatakanyaga huko tena.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya dume la kondoo. Kati yetu sisi Wanavajo, wenyeji wa asili wa pande hizi, ni hao wawili tu waliobaki na kondoo wa asili, wale wa pembe nne na sufu ndefu. Wengine tulishaletewa weupe wa kizungu, tukawapokea kwa mikono miwili. Madume ya Glenabah yalikuwa yamezaa na dada zao mpaka damu ikachoka. Dawa yake ni damu ngeni, na damu ngeni ilikuwa kwa Hoskie peke yake. Lakini kila vuli akiomba dume, mzee anakataa. Watu tulisema ni roho mbaya tu.

Alimkuta zizini, anawamwagia kondoo maji.

"Umekuja tena, mwanangu."

"Nimekuja, mjomba. Niazime dume. Hata yule kibogoyo."

"Yule? Haoni mbele. Atakuja kuoa ukuta."

Glenabah hakucheka. "Sisi watu huulizana ukoo kwanza, ndipo tuposane. Kondoo wangu nimewaozesha ndugu kwa ndugu, na watoto wao nawazika mwenyewe. Hawa wakiisha, wameisha, mjomba. Hakuna wengine. Nilikukosea nini?"

Hoskie aliweka ndoo chini. Glenabah akashika ukingo wa zizi, akalia, na hakujali kwamba mzee anamwona. Alikuwa amechoka kuzika.

Mzee aligeuza ndoo, akaikalia.

"Hujanikosea kitu," alisema. "Mimi nilitoa ahadi, na niliyemwahidi hayupo tena kuniruhusu niivunje. Ule mwaka wa theluji kubwa, wewe ukiwa kazini mjini Phoenix, kondoo wangu walikufa."

"Wangapi?"

"Wote. Mama yako akaniletea majike machache na dume kutoka zizini kwenu, akanikanya nisimwambie mtu, watu wasije wakaniona fukara."

Akawatazama kondoo waliokuwa wakinywa maji.

"Hawa ni wa ukoo wako, mwanangu. Hata mmoja si mgeni."