Ukili wa Mwisho

"Mkeka huu naumaliza nimefumba macho," Bi Mwanakombo aliwatambia majirani. Akayafumba kweli, akakoroma.

Alipozinduka, ukili wa mwisho, ule utepe wa kukamilishia mkeka, ulikuwa bado mapajani haujakwisha, na kesho binti yake Mize anaolewa. Bila mkeka wa mama, bibi harusi angekalishwa juu ya wa plastiki, mawifi wanamtazama. Bi Mwanakombo akashika miyaa ya ukindu, yale majani membamba ya kusukia yaliyotiwa rangi. Myekundu ipite juu au chini? Kichwa kilikuwa kimechoka, hakijibu. Machozi yakamlenga.

Mumewe, Mzee Shaame, akaja akajibwaga ubavuni pake.

"Mama Mize, nifundishe na mimi. Maisha yangu sijagusa ukili."

"Leo? Na vidole hivyo kama mihogo?"

"Niambie pa kuanzia tu."

Akamwanzishia ukili mwembamba wa kuchezea. "Myekundu pitisha chini, kisha ruka miwili. Sivyo, mume wangu, utanipasulia miyaa. Tazama."

Katika kumwonyesha, mikono yake mwenyewe ikakumbuka. Akawa anasuka huku anamsimanga, anamsimanga huku anacheka, na ukili wa mkeka ukarefuka bila yeye kuhisi.

Alipogeuka kumcheka tena, akaona ukili wa mumewe umenyooka. Miyaa ya mwanzo ilikuwa imekwisha, akaunga mingine, na kiungo hakionekani.

"Baba Mize, kuunga nimekufundisha saa ngapi?"

"Si sasa hivi?"

"Huko sijafika."

Mzee Shaame akatazama dari. Vidole vyake viliendelea kusuka.